Gari la Jeshi Lililostaafu: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Mwenye shamba wa Kinangop au wa Molo anajua maana ya masika. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, barabara ya kupelekea maziwa hugeuka uji, na motokaa ndogo hukaa pembeni zikingojea jua. Wakati kama huo likipita gari la zamani la jeshi, lenye rangi ya majani makavu na magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja, kila aliyekwama huligeukia na kusema moyoni: “Hilo ndilo gari la kumfaa mkulima.”

Wazo hilo si baya. Magari ya jeshi hutengenezwa kwa kazi ngumu, na majeshi ya Ulaya huyauza mnadani yanapomaliza muda wa utumishi, mara nyingi kwa bei inayoonekana kuwa ndogo. Lakini mtu aliyejiwekea akiba kwa miaka mingi, au aliyeingoja bonasi ya chai kwa misimu kadhaa, anastahili kuelezwa mambo yote kabla hajatuma fedha zake ng'ambo. Katika jambo hili bei ya gari ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni sheria, karatasi na matunzo. Na kwa mkazi wa Kenya, sheria ndiyo ya kutazamwa kwanza.

ASILI YA MAGARI HAYA

Mwezi wa Julai, 1940, Jeshi la Marekani lilizialika kampuni 135 kutengeneza gari dogo lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Muda uliotolewa ulikuwa mfupi mno, hata ni kampuni mbili tu zilizoitikia. Kampuni ndogo ya Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, ilipewa siku 49 za kuleta gari la kwanza, nayo ikalifikisha mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Baadaye kazi kubwa ya kuyaunda magari hayo ilipewa kampuni za Willys na Ford, kwa sababu zilikuwa na viwanda vikubwa zaidi. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1945, jipu zaidi ya 600,000 zilikuwa zimekwisha tengenezwa.

Amani ilipopatikana, jipu nyingi hazikuwa na kazi tena jeshini. Nchini Ufilipino wananchi walizinunua zile zilizoachwa na Wamarekani, wakarefusha bodi, wakaweka viti viwili virefu vya kutazamana na paa la kuzuia jua, wakazifanya mabasi madogo yaliyoitwa jeepney. Ni mfano mzuri wa chombo cha vita kilichogeuzwa kuwa riziki ya raia.

Huko Uingereza, Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa ufundi katika kampuni ya Rover, alikuwa na jipu ya jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Aliitumia kwa kila kazi, akaona kwamba ikifa hataweza kupata nyingine ya namna ile. Mwaka 1947 akaanza na wenzake kutengeneza gari la shamba kwa kufuata mfano huo, na gari lao la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya jipu. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo wakati huo, basi bodi ikafanywa ya alumini. Na rangi iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa ya kijani, iliyobaki katika maghala ya vita. Tarehe 30 Aprili, 1948, gari hilo, lililopewa jina la Land Rover, likaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Lilikusudiwa wakulima, na liliweza kufungwa mahali pa kuchukulia nguvu ya injini ili kuendesha mashine za shamba. Haukupita muda mrefu kabla Jeshi la Uingereza kuanza kulinunua kwa wingi.

Wajerumani nao walipita njia kama hiyo. Gari lao liitwalo Unimog lilibuniwa mara baada ya vita kwa ajili ya wakulima, na upana kati ya magurudumu yake ulipimwa ulingane na mistari miwili ya viazi. Baadaye likawa gari mashuhuri la majeshi mengi. Kwa hiyo mkulima anayelitamani gari la jeshi hatamani kitu cha ajabu. Baadhi ya magari hayo yalizaliwa shambani kabla ya kwenda kambini.

FUNZO LA ASKARI WALIORUDI VITANI

Kenya imekwisha pata funzo lake katika jambo hili. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, makumi ya maelfu ya askari Waafrika walirudi nyumbani kutoka Burma, Uhabeshi na mahali pengine, wakiwa na viinua mgongo vyao. Wengi walikuwa wamejifunza udereva na ufundi wa magari jeshini. Wengine walichanga fedha, wakaunda vikundi, wakanunua malori ili wachukue abiria na mazao kutoka mashambani kwenda mijini.

Walikuwa watu hodari na nia yao ilikuwa njema, lakini wengi walipata hasara. Lori lililochakaa lilihitaji vipuri, na vipuri vilitoka mbali kwa bei kubwa. Barabara za udongo zilivunja springi. Katika vikundi vingi hapakuwa na mtu wa kuandika kila siku fedha zilizoingia na zilizotoka, hata siku ya injini kufa hapakuwa na akiba ya kununulia nyingine. Jeshini kulikuwa na karakana, mafundi na ghala la vipuri nyuma ya kila lori. Mnunuzi alipewa lori peke yake, na ile karakana ikabaki kambini.

Anayetaka kununua gari la jeshi leo afadhali aanze kwa kulifikiria jambo hilo.

JINSI JESHI LINAVYOTUNZA NA KUUZA

Yapo mambo mawili ya kweli kuhusu gari lililotoka jeshini, na kila moja lina upande wake wa pili. Kwanza, jeshi hulifanyia gari matengenezo kwa tarehe, likiwa limetembea au halikutembea. Oili hubadilishwa, breki hutazamwa, na yote huandikwa. Kwa sababu hiyo injini yake inaweza kuwa nzima kuliko ya gari la raia la umri ule ule. Lakini gari hilo hilo pengine lilikaa ghalani au uwanjani miaka mingi bila kutembea. Na kukaa bure huua mipira, hukausha mabomba ya breki, na huleta kutu ndani ya tangi la mafuta.

Pili, gari la jeshi lina nyongeza nyingi: springi nzito zaidi, ndoano za kuvutia, mahali pa kufunga majembe na makopo ya mafuta. Lakini nyongeza nyingine ni mzigo kwa raia. Land Rover nyingi za Jeshi la Uingereza zilizotayarishwa kwa redio zina umeme wa volti 24 badala ya 12 zilizozoeleka. Starta, dinamo na balbu zake ni tofauti na za magari ya kawaida. Betri ni mbili, na fundi wa umeme asiyeujua mtindo huo anaweza kuunguza waya zote kwa nusu saa.

Aina zilizouzwa kwa wingi ni za kujua. Iko ile iliyoitwa “Lightweight,” yaani nyepesi, iliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980 ili iweze kuning'inizwa chini ya helikopta. Milango, paa na sehemu za bodi ziliweza kufunguliwa ili kupunguza uzito. Lakini kikiwa kimerudishwa kila kitu mahali pake, gari hilo lilikuwa zito kuliko Land Rover ya kawaida ya urefu ule ule. Ziko Land Rover 72 za askari maalum wa Uingereza, zilizotolewa mwaka 1968 na kupakwa rangi ya waridi ili zisionekane jangwani. Baadhi yake zilitumika Dhofar, Oman. Hizo sasa hutafutwa na wenye kukusanya vitu vya zamani, na bei yake haimhusu mkulima. Ziko pia zile za springi za duara, One Ten na Ninety, zilizoanza kuuzwa mwaka 1983 na 1984, ambazo tangu mwaka 1990 ziliitwa Defender. Mwisho iko ile iliyopewa jina la “Wolf,” iliyoingia jeshini katika miaka ya 1990 ikiwa na chesisi iliyotiwa nguvu na injini ya dizeli ya aina ya 300Tdi. Injini hiyo haiendeshwi na kompyuta, na fundi wa kijijini mwenye akili anaweza kuifungua na kuifunga.

Gari likimaliza muda wake huondolewa katika daftari la jeshi na kupelekwa mnadani. Mnunuzi hupewa fomu ya Wizara ya Ulinzi inayoonyesha kwamba gari hilo limeuzwa kihalali, pamoja na habari zake za asili. Kwa fomu hiyo huenda kwa waandikishaji wa magari ya raia, akapewa nambari mpya na cheti. Gari lisilo na karatasi hizo ni chuma tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii methali hiyo haina mzaha hata kidogo.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba Uingereza ina sheria za kudhibiti vifaa vya kivita vinavyopelekwa nchi za nje. Land Rover ya kawaida iliyoondolewa vyombo vyake vya kijeshi ni jambo moja. Gari lenye bamba za deraya au mahali pa kufungia bunduki ni jambo jingine, nalo huhitaji leseni ya kulipeleka nje.

NCHI MBILI, SHERIA MBILI

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu husikia kutoka kwa ndugu yake aliye Marekani kwamba ameagiza Land Rover ya jeshi yenye umri wa miaka 30, nayo imepita forodhani bila tabu. Hudhani kwamba kama Marekani, nchi yenye sheria kali, imeikubali, Mombasa nayo itaikubali. Mambo ni kinyume kabisa.

Marekani, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1988, haikubali gari la kigeni ambalo halikutengenezwa kwa kufuata kanuni zake za usalama, mpaka litimize miaka 25 tangu mwezi lilipotengenezwa. Likifikisha umri huo hufikiriwa kuwa kitu cha kumbukumbu, kisichoweza kuwa kingi barabarani, na mlango hufunguliwa. Kwa maneno mengine, Marekani huyakubali ya zamani na kuyakataa yale ambayo bado ni mapya.

Kenya hufanya kinyume chake. Kwa kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, iitwayo KS 1515, gari lililokwisha tumika haliingizwi nchini likiwa limepita miaka 8 tangu mwaka wa kuandikishwa kwa mara ya kwanza. Usukani wake lazima uwe upande wa kulia. Lazima likaguliwe huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Na ili pasiwe na ujanja, kanuni hiyo husema kwamba tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuandikishwa zisipishane kwa zaidi ya mwaka mmoja. Maneno haya ya mwisho yanagusa hasa gari la jeshi. Gari lililotengenezwa mwaka 1997, likatumika jeshini, kisha likaandikishwa kuwa la raia mwaka 2020, haliwi gari la mwaka 2020 mbele ya mkaguzi. Cheti chake cha uraia ni kipya, lakini umri wake ni ule ule.

Majeshi hayana desturi ya kuuza magari yao yakiwa na miaka mitano au sita. Huyauza yakiwa na miaka 15, 20 au zaidi. Hesabu ni fupi: karibu magari yote ya jeshi yanayouzwa Ulaya hayawezi kuingia Kenya na kuandikishwa kwa matumizi ya kawaida. Yale ya bara la Ulaya, kama Unimog za Wajerumani na Pinzgauer zilizotengenezwa Graz, Austria, mengi yake yana kikwazo cha pili, kwa kuwa usukani wake uko kushoto.

Kanuni hii haikuwekwa ili kumnyima mkulima chombo. Inatakiwa izuie nchi isifanywe jaa la magari ambayo wengine wameyachoka, ambayo breki zake zimekwisha na moshi wake unaziba pumzi za watu mijini. Majirani wana kanuni zao wenyewe. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania imechagua njia ya kuongeza ushuru kwa gari lililopita umri fulani. Mtu asije akadhani kwamba gari lililokubaliwa upande mmoja wa mpaka litaandikishwa upande wa pili kwa sababu tu limeweza kuendeshwa mpaka hapo.

Hata Marekani mambo huharibika pale karatasi za umri zinapotiliwa shaka. Mwezi wa Julai, 2014, maafisa wa serikali ya nchi hiyo walikamata Land Rover 40 katika majimbo mbali mbali, wakidai kwamba hazikuwa zimetimiza miaka 25 au kwamba hazikuwa zile zilizotajwa katika karatasi zao. Wenyewe walikuwa wamezilipia fedha nyingi, na baadhi yao waliamka asubuhi wakawaona maafisa wakilivuta gari kutoka uani. Ilibidi waweke mawakili, na baadhi yao wakarudishiwa magari yao mwaka uliofuata. Kosa la mwenye kuuza liliwaangukia wenye kununua.

HESABU YA KARANI

Pengine msomaji ana ndugu aishiye nchi inayoruhusu magari hayo, au anataka kuagiza gari jingine la kazi ambalo halijapita miaka 8. Kwa vyovyote vile, afanye hesabu kama afanyavyo karani mwangalifu, kila jambo katika mstari wake.

Mstari wa kwanza ni bei ya mnadani pamoja na ada ya dalali, ambayo huongezwa juu ya bei iliyotajwa kwa sauti. Wa pili ni gharama ya kulichukua gari kutoka uwanja wa mnada hadi bandarini. Na kwa kuwa mengi huuzwa yakiwa hayawaki, huchukuliwa juu ya gari jingine. Wa tatu ni ukaguzi. Wa nne ni nauli ya meli na bima ya safari ya bahari. Wa tano ni gharama za bandari, ambazo huzidi kwa kila siku gari linapokaa pale baada ya siku zilizoruhusiwa.

Mstari wa sita ndio huwashtua wengi: kodi. Ipo ya forodha, iko ya bidhaa, iko VAT, na ziko ada nyingine ndogo. Viwango vyake hubadilishwa mara kwa mara, basi ni lazima kuuliza vile vya mwaka huo wenyewe. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba kwa magari yaliyotumika, Mamlaka ya Mapato ya Kenya haitazami risiti ya mnunuzi peke yake. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, na hupunguza bei hiyo kwa kadiri ya umri wa gari. Aliyebahatika kununua kwa bei ya chini hatatozwa kodi ya chini kwa sababu ya bahati yake.

Na gari likifika bila kutimiza masharti, mwenyewe huweza kuamriwa alirudishe lilikotoka au liharibiwe, kwa gharama yake. Akiba ya miaka kumi inaweza kuishia hapo, katika uwanja wa Mombasa, mwenyewe akilitazama gari lake kupitia ua wa chuma.

LILILOKWISHA KUWAPO NCHINI

Je, mkulima akate tamaa? La. Mlango wa bandari umefungwa, lakini Land Rover za zamani ziko Kenya tangu miaka mingi, na nyingine zilitumika katika idara za Serikali. Kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1974 mjini Thika, kiliunganisha Land Rover hapa hapa nchini, na kwa sababu hiyo mafundi wazijuao si haba. Maralal, katika nchi ya Wasamburu, Land Rover zilizo na umri mkubwa kuliko madereva wao bado hupanda milima zikiwa na abiria na mizigo. Jijini Nairobi, maduka ya Barabara ya Kirinyaga huuza vipuri vyake, na viwanda vya ng'ambo vinaendelea kuvitengeneza vipya, ingawa Defender ya mtindo wa zamani ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull mwezi wa Januari, 2016.

Serikali nayo huuza magari yake yaliyokwisha kazi. Kwa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015, mali kama hiyo huweza kuuzwa kwa zabuni ya wazi au kwa mnada wa hadhara, na matangazo hutolewa. Mwenye kutaka hupewa siku ya kuyatazama magari kabla ya kutoa bei. Siku hiyo ni ya thamani. Asiende peke yake, aende na fundi.

Fundi huyo aanze chini, asianze na injini. Bodi ya alumini haishiki kutu upesi, na huweza kung'aa ilhali chesisi ya chuma iliyo chini yake imeoza. Apite na nyundo ndogo akiigonga chesisi toka mbele hadi nyuma: mlio mkali ni chuma kizima, mlio mzito ni kutu. Atazame ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, maana nao ni wa chuma. Atazame matufe ya chuma yaliyo nyuma ya magurudumu ya mbele; yakiwa na mikwaruzo na kuvuja oili, gharama inakuja. Aweke gia za nguvu na kuliendesha mahali pa utelezi, aone kama magurudumu yote manne yanavuta. Atikise usukani, aone kama unacheza. Aulize umeme ni wa volti 12 au 24.

Kisha karani aliye ndani ya mnunuzi aanze kazi yake. Nambari iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya injini zilingane na zilizoandikwa katika cheti cha usajili. Jina la mwenye kuuza liwe ndilo lililo katika kumbukumbu za NTSA, halmashauri inayoandikisha magari. Fedha zisitoke mkononi kabla ya kuhakikisha kwamba gari halina deni wala rehani. Na kama gari lingali na rangi ya kijeshi, ni busara kulipaka rangi nyingine na kuiandikisha rangi hiyo mpya, ili lisimletee mwenyewe mashaka kila afikapo kwenye kizuizi cha polisi.

KUISHI NALO

Gari likisha kuwa mali ya mtu, ndipo kazi inapoanza. Land Rover ya petroli ya zamani, yenye injini ya lita mbili na robo, haiendi mbali sana kuliko kilomita 6 au 7 kwa lita moja ya mafuta, na katika matope huenda chini ya hapo. Kwa hiyo si gari la kwenda nalo sokoni kununua kiberiti. Faida yake iko katika mizigo: mikebe ya maziwa, magunia ya viazi na ya mbolea, miche ya miti, au mgonjwa anayepaswa kufikishwa hospitalini usiku wa mvua wakati gari jingine haliwezi kupita.

Zile za springi bapa, za kabla ya One Ten, zisiendeshwe kwa magurudumu manne juu ya lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa katika kona, na kwa kuwa lami haiyaachi yateleze, gia hukazwa mpaka zivunjike. Dereva aweke magurudumu manne katika matope na mchanga, na ayaondoe akifika barabara ngumu. Oili ya gia na ya mihimili itazamwe kila mwezi, hasa baada ya kuvuka mito, kwa kuwa maji yakiingia humo oili hugeuka rangi ya maziwa. Sehemu za grisi zitiwe grisi kwa tarehe, kama walivyofanya askari. Desturi hiyo ya tarehe ndiyo iliyolifikisha gari katika uzee likiwa zima. Mwenye gari akiiacha, ameutupa urithi bora aliouziwa.

Breki za gari la namna hii ni za kizamani, na mwendo wake wa salama haufiki ule wa motokaa za siku hizi. Dereva aache nafasi mbele yake. Watu wasijazwe nyuma kama kuni. Gari lililoandikishwa kwa mizigo haliwi basi kwa sababu majirani wameomba.

Na tangu siku ya kwanza iwekwe daftari. Upande mmoja ziandikwe fedha za mafuta, bima, vipuri na fundi. Upande wa pili kila kazi gari iliyofanya na thamani yake. Baada ya mwaka mmoja daftari litajibu swali ambalo hakuna mwuzaji wala rafiki awezaye kulijibu: kama gari linamlisha mwenyewe, au mwenyewe ndiye anayelilisha gari. Kwa wakulima wengi jibu huenda likawa kwamba inafaa wanachama wanne au watano wa chama cha ushirika wanunue gari moja, wakiwa na mapatano yaliyoandikwa na mtunza hesabu mmoja, au kwamba pikapu ya kawaida ingetosha.

Rahisi huvunja upishi, husema watu wa pwani. Gari la jeshi lililostaafu linaweza kuwa mtumishi mwaminifu kwa miaka mingi, kama wengi wanavyoshuhudia Maralal na mahali pengine. Lakini huwa hivyo kwa yule aliyeuliza sheria kabla ya bei, akaitazama chesisi kabla ya rangi, na akanunua kalamu na daftari siku ile ile aliyonunua gari.